Jina la Bibi Daramumba

Hadithi, hadithi! Najua mtaitikia: uongo njoo, utamu kolea. Leo uongo hatuuiti, wajukuu zangu. Umekwisha kukaa ndani ya hadithi yenyewe, na hadithi ni ya kweli.

Huko Utetela, upande wa mto Lomami, alitawala mzee Kasongo Rushie. Dada zake wawili, Daramumba na Kitoto, walikuwa wametekwa, wakapelekwa Urua, wasionekane tena. Miaka ikapita, mzee akakongoka, lakini majina yao yakaendelea kutajwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 akatokea Hamed bin Muhammed wa Unguja, yule Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Habari za dada wale alizisikia njiani. Alipofika akasema: babu yangu alimwoa Daramumba kule Urua, akamzaa mama yangu, mimi ni damu yenu. Mzee akaamini, akamkabidhi nchi. Kumbe mama yake alikuwa Mwarabu, binti wa Mwarabu! Kisa hiki Tippu Tip alikiandika mwenyewe, kwa Kiswahili, katika habari za maisha yake.

Mnaona nguvu ya ukoo? Jina la mwanamke mmoja aliyepotea lilifungua nchi nzima, tena mikononi mwa mgeni.

Kisha Tippu Tip akaweka makao yake hapa Kasongo, na misafara ya Ujiji ikawa inapita Kabambare. Watoto wa Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na Warega wakakusanyika. Wengine walikuja kwa hiari, wengi walitekwa kama Daramumba. Wakajifunza Kiswahili, wakaingia Uislamu, wakaitwa Wangwana. Mngwana ni mtu huru. Jina hilo wakalivaa hata waliofika wamefungwa kamba. Walilishika wakalifanya lao.

Aprili 1893 majeshi ya Leopold wa Ubelgiji yaliuteka mji. Utawala wa mabwana wa pembe ukavunjika, lakini lugha, sala na jina vikabaki. Na waliopelekwa ng'ambo ya ziwa Tanganyika, au waliovuka wenyewe, kule Ujiji wanaitwa Wamanyema mpaka leo.

Basi mtoto wa Kasongo akiulizwa ukoo wake, asijibu kwa neno moja. Aseme: mimi ni Mngwana, na bibi yangu alikuwa Mzimba, au Mbangubangu. Asione haya kwamba bibi alitekwa. Aibu ni ya aliyemteka.

Leo usiku, kabla ya kulala, mwendeeni bibi. Mwulizeni mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake, na walitoka kijiji gani. Andikeni majina hayo kwenye daftari. Daramumba hakurudi kusema wajukuu wake ni akina nani. Ndiyo maana mgeni alisema kwa niaba yake. Wa kwenu wasemeeni ninyi.