Kidole cha Mutoto Kimevunjika: Je, Watatia Waya?

Mama, mulango umefinya kidole cha mutoto wako, ao kinu kimemuangukia, ao ameingiza mukono ndani ya mnyororo wa baisikeli. Ukucha umenyanyuka, damu inatoka. Munganga anapiga picha, anakuambia: mufupa umevunjika. Mutoto wa jirani alitiwa chuma, wako amefungwa bandeji tu. Unajiuliza: ni juu sina feza? Hapana, mama. Mifupa haivunjiki namna moja.

Mara nyingi ni ile ncha ya mufupa inavunjika, vipande-vipande, kama yai lililogongwa. Nyama na ukucha vinashika vipande vile, haviendi mbali. Kuvitia chuma ni kazi bure, sababu chuma hakipati pa kushika. Munganga anasafisha kidonda, anafunga kibao kidogo chini ya kidole. Kiungo cha mwisho kinatulia, vingine mutoto anavikunja. Juma mbili ao tatu, basi.

Kama nyama ya chini ya ukucha imepasuka, anaishona kwa uzi mwembamba, kisha anarudisha ukucha uleule pahali pake na kuushona. Ukucha unafunika kidonda na kushika mufupa. Kwa hiyo usiungoe, wala usiutupe. Ukianguka, uufunge ndani ya kitambaa safi, uulete.

Waya inatakiwa wakati mufupa umekatika katikati na hautulii: unaunyoosha, unapinda tena. Waya inaitwa ya Kirschner, jina la munganga wa Ujerumani aliyeianzisha. Inapita kwenye ncha ya kidole mpaka ngʼambo ya pale palipovunjika. Inashika sana, lakini inaomba mashini ya kutoboa. Pahali mashini hakuna, munganga anaweza kutumia sindano nene ya kuchoma dawa, mupya kabisa. Anaisukuma kwa mukono, na makali yake yanafungua njia ndani ya mufupa. Wamama wengine wanaona hii ni kazi ya kimasikini. Sivyo: kwa mufupa mudogo hivi, sindano inaweza kufanya kazi ya waya. Ubaya wa vyote viwili ni mumoja, ncha inabaki inje ya ngozi, na vijidudu vinaweza kuipita. Usiilowanishe, usiiguse. Kisha juma tatu ao ine munganga anaivuta, bila kupasua.

Sasa sikia hii vizuri. Kuna namna moja inadanganya watu. Shina la ukucha limetoka juu ya ngozi, damu iko pale, na ncha ya kidole imeinama chini. Nyumbani wanasema: ni ukucha tu. Kumbe mufupa umevunjika pale mutoto anapokulia, na nyama imeingia kati. Ukingoja, usaha unaingia ndani ya mufupa, na kidole kinaweza kubaki kimepinda. Kuja siku ileile. Hapa munganga anaosha sana, anatoa nyama ile, na mara nyingi anatia waya.

Njiani, osha na maji safi, funga kitambaa safi, inua mukono. Usipake majivu, wala udongo, wala petroli. Lete karti ya chanjo, tuone kama ya pepopunda imetimia. Ukiona usaha, harufu, ao kidole kinavimba na kupiga-piga usiku, rudi, hata kama siku ya randevu haijafika. Ukucha mupya unaomba miezi mitatu mpaka sita.