Kemia ya Matundu

Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Melbourne nchini Australia, mhadhiri wa kemia Richard Robson alipewa kazi ya kuwaandalia wanafunzi mifano ya molekuli: mipira ya mbao iwe atomu, vijiti viwe vifungo vya kuziunganisha. Mipira ilibidi itobolewe kwanza, na matundu hayatobolewi ovyo. Kaboni hushikana na wenzake kwa pembe zake, naitrojeni kwa zake. Robson akawaonyesha mafundi wa karakana mahali pa kila tundu. Mipira iliporudi akaanza kuichomeka vijiti, na hapo akaona jambo: matundu yakikaa mahali pake, umbo zima hujipanga lenyewe.

Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla hajalijaribu wazo hilo kwa molekuli halisi. Alichukua ayoni za shaba, ambazo hupenda kushikwa pande nne, akazichanganya na molekuli yenye mikono minne. Zikashikana zikawa fuwele yenye mpangilio kama wa almasi, ila ndani imejaa nafasi tupu. Aliitangaza mwaka 1989. Lakini fuwele zile zilikuwa dhaifu, zikibomoka upesi, na wanakemia wengi hawakuona zitafaa nini.

Walioziimarisha ni wengine. Mwaka 1997 Susumu Kitagawa wa Japani alionyesha fuwele ambayo gesi huingia na kutoka bila kuibomoa. Mwaka 1999 Omar Yaghi na wenzake wakatoa ile iitwayo MOF-5, iliyofumwa kwa zinki na molekuli za kaboni. Hii hustahimili joto la nyuzi 300 hata ikiwa tupu, na gramu mbili tu zina eneo la ndani lipatalo uwanja wa mpira. Hesabu yake ni kama ya kupaka chokaa: nyumba ya vyumba mia hula chokaa nyingi kuliko ghala tupu la ukubwa uleule, kwa kuwa kila chumba kina kuta zake.

Watatu hao ndio waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025.

Yaghi alizaliwa Amman, Yordani, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, mahali ambapo maji ya bomba yalikuwa ya kuvizia. Aliyewahi kuamka usiku wa manane kusikiliza kama bomba limeanza kukoroma anaijua hali hiyo. Kundi lake la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilipeleka fuwele hizi jangwani. Usiku, hewa inapopoa, fuwele hunasa mvuke kwenye matundu yake. Mchana joto la jua huufukuza mvuke, nao hupoa ukawa matone. Katika jangwa la Mojave, kifaa kilichorudia mzunguko kama huo mara nyingi kwa siku kilitoa kama lita 0.7 za maji kila siku kwa kilo moja ya MOF-303, fuwele nyingine ya jamii hii.

Lita hiyo isiyotimia haijazi ndoo, lakini imetoka kwenye hewa kavu ya jangwani. Nawaomba wanaogawa fedha za vyuo vyetu wakumbuke ilikoanzia. Robson hakuwa akitafuta maji wala tuzo. Alikuwa akiandaa somo, na akajali kila tundu likae mahali pake. Karakana ya chuo na saa za kuandaa somo visiwe vya kwanza kukatwa bajeti inapobana.