Masafa Mafupi Yaendayo Mbali

Wasomaji wengi wameona maneno haya juu ya kioo cha redio: masafa ya kati, masafa mafupi. Mtu husema, "Mimi nataka kusikia stesheni za ng'ambo, masafa mafupi yatanifaa nini?" Hununua redio isiyo nayo, na fedha zake zimekwisha potea.

Kosa si lake, ni la jina. Masafa hapa si mwendo wa kutoka mji hata mji, bali ni urefu wa wimbi moja, kutoka kilele hata kilele kinachofuata. Wimbi la megahezi 1 lina urefu wa mita 300. La megahezi 6, mita 50. Ukigawanya 300 kwa hesabu ya megahezi, utapata mita.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Mawimbi mafupi, ya mita 10 hadi 100, hupanda angani kilomita mia kadhaa, yakakuta tabaka la hewa lenye umeme, yakarudishwa chini katika nchi za mbali. Mwingereza Edward Appleton alithibitisha habari za tabaka hizo mwaka 1924. Mawimbi ya kati, mchana, hunyonywa na tabaka la chini; usiku tabaka hilo hutoweka, ndipo stesheni za mbali husikika.

Mawimbi ya FM, yenye mita 3 hivi, huenda moja kwa moja, wala kwa kawaida hayarudishwi kutoka juu. Basi aishiye nyuma ya kilima asinunue redio ya FM peke yake kabla hajaazima ya jirani na kuijaribu nyumbani kwake.