Kutu haijali rangi mpya: Unachofaa kujua kabla ya kupeleka ndai ya zamani kwa fundi

Kuna ndai za zamani zinazong'aa barabarani hadi unajiuliza mwenyewe alipata wapi chapaa. Corolla ya miaka ya 90, rangi mpya, rimu zimesuguliwa, na bei yake ni ya kutupa. Sasa subiri misimu miwili ya mvua ipite. Rangi inaanza kufura karibu na magurudumu kama chapati kwenye kikaangio, kisha ule uvimbe unapasuka na chini yake unakuta unga mwekundu.

Hiyo ni kutu. Kwa kijana anayenunua gari la kwanza, hilo ni deni ambalo muuzaji hakulitaja.

Kutu inahitaji vitu vitatu tu: chuma, maji na hewa. Ukiongeza chumvi, kazi inaenda mbio zaidi. Ndiyo maana gari lililokaa Mombasa, likipigwa na upepo wa bahari na kuvuka feri ya Likoni kila siku, huzeeka bodi haraka kuliko ndugu yake aliyekaa Nakuru. Tena magari mengi ya mtumba tunayonunua hutoka Japani, na kule sehemu za baridi barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha theluji. Kwa hivyo gari linaweza kushuka bandarini likiwa tayari limeanza kuliwa chini.

Kumbuka pia bati la bodi ni jembamba, kama milimita 0.7 hadi 1 hivi. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndiyo sababu inasukuma rangi kutoka ndani. Ukiona uvimbe mdogo kama punje ya maharagwe, jua huko nyuma mambo yameharibika zamani.

Mahali pa kuchungulia

Usipoteze muda kwenye boneti. Kutu hukaa pale maji yanapotuama: kingo za chini za milango, matao ya magurudumu, chini ya betri, kando ya kioo cha mbele, kwenye shimo la tairi la akiba, na sakafuni chini ya zulia. Inua zulia. Likiwa na unyevu, uliza maswali.

Beba sumaku ndogo, hata ile ya kwenye friji, na uifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi. Ipitishe polepole kwenye bodi. Pale inaposhika vizuri kuna bati. Inapoteleza na kuanguka, chini ya rangi kuna fila, ule mchanganyiko mzito unaopakwa kuziba mabonde ya bodi. Gonga pia kwa kidole. Bati hulia, fila hutoa sauti butu kama ukuta.

Fila si haramu. Fundi mzuri huitumia, lakini nyembamba, isizidi milimita 3, na juu ya bati zima. Shida ni pale inapotumika kuziba shimo. Fila hunyonya unyevu, kwa hivyo kutu inaendelea kula kimyakimya huku wewe unapiga selfi na gari lako jipya.

"Unakanyaga zulia"

Mjomba wangu ana pickup ya Datsun kule Likoni, ya kubeba nazi na mahamri ya watu wa harusi. Gari hilo ndilo limesomesha binamu zangu. Mwaka jana kiti cha dereva kilianza kutikisika. Fundi wa kwanza aliangalia kwa dakika mbili akasema, "Mzee, hii ni ya siku moja tu. Tunaweka fila, tunapiga rangi nyeusi chini, unaondoka." Bei ilikuwa tamu.

Fundi wa pili hakutaja bei. Alitoa kiti, akainua zulia, kisha akachukua bisibisi na kusukuma sakafu. Ikapenya hadi chini. "Mzee, hapa hamna bati," akamwambia. "Unakanyaga zulia."

Bolti za kiti zilikuwa zimeshikilia kutu. Mjomba angefunga breki za ghafla, kiti kingeng'oka pamoja naye. Pickup ililala gereji siku tisa, na siku tisa bila gari ni siku tisa bila kipato. Alilalamika sana. Lakini leo anaendesha akiwa ameketi juu ya chuma.

Kazi ya kweli inavyofanywa

Kwanza, betri hutolewa waya wa hasi kabla ya kuchomelea, hasa kwa magari yenye kompyuta. Mazulia, viti na chochote kinachoshika moto huondolewa, tangi la mafuta huepushwa na cheche, na ndoo ya maji au kizimamoto kinakaa karibu. Fundi akianza kuchomelea bila hayo, beba gari lako uende.

Pili, kutu inakatwa. Ikiwa ni ya juu tu, bado bati ni imara, brashi ya waya na msasa zinatosha, kisha dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi. Ikiwa imetoboa, dawa haisaidii. Grainda inakata hadi inapokutana na bati safi linalong'aa. Shimo la ukubwa wa sarafu mara nyingi huishia kuwa la ukubwa wa sahani, na hapo ndipo wateja hupandwa na presha. Usimlaumu fundi. Shimo lilikuwepo, yeye amelionyesha tu.

Tatu, kiraka. Fundi makini hupima kwa kartoni kwanza, kisha hukata bati la unene uleule. Geji 20, ambayo ni kama milimita 0.9, hufaa sehemu nyingi. Kuchomelea kwa vijiti vya kawaida huunguza bati jembamba, na moto wa gesi hulikunja. Mashine ya MIG ndiyo rahisi kudhibiti. Hata hivyo, fundi hapigi mstari mmoja mrefu. Anaweka nukta hapa, anaruka upande mwingine, anaacha lipoe, hadi nukta ziungane.

Nne, kinga. Bati tupu hupakwa praima mapema, maungio huzibwa, na upande wa ndani hupakwa nta au mafuta mazito. Vitundu vya kutoa maji chini ya milango vizibuliwe. Watu wengi husahau hivi, na ndivyo vilivyoleta shida tangu mwanzo.

Na kuna sehemu zisizotaka mzaha: chesisi, mahali suspensheni inaposhikiliwa, mahali mikanda ya usalama inapofungwa, na kingo za chini zinazobeba bodi. Hapo usikubali kiraka cha haraka kwa sababu bei ni poa. Pickup za biashara na matatu hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini usingoje mkaguzi akuambie unachoweza kuona kwa kuinua zulia.

Mabeste wa gereji, hii ni yenu

Ukipita Kariobangi Light Industries au Grogan utaona vijana wa rika letu wakichomelea kwa miwani ya jua. Msee, ile miwani haizuii miale ya welding. Vumbi la fila na mvuke wa rangi navyo vinaingia mapafuni moja kwa moja. Ngao ya uso na barakoa yenye kichujio ni vifaa vya kazi kama nyundo.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu digrii. Lakini kazi hii ina njia yake. NITA hutoa mitihani ya ufundi ya gredi III hadi I, na aliyejifunzia gereji anaweza kuifanya. Magari ya zamani hayaishi Kenya leo wala kesho, na fundi anayejulikana kuwa hafichi kutu hakosi wateja.

Kwa mteja, nakuachia jambo moja la bure. Kabla ya fila na rangi kupakwa, mwambie fundi akutumie picha ya bati tupu likiwa limechomelewa. Simu anayo. Aliyefanya kazi safi ataituma hata bila kuombwa mara ya pili. Akianza hadithi za chaji kuisha, nenda ukaone mwenyewe.