Barafu Haimrudishii Samaki Saa Alizopoteza
Mnunuzi wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, hupenda kuuliza: huyu ni wa leo? Swali hilo halimfikishi mbali. Changu wa juzi aliyelazwa ndani ya barafu tangu chomboni anaweza kumshinda kwa ubora changu wa alfajiri aliyekaa sakafuni mwa mashua hadi jua likawa la utosi. Wataalamu wa ubora wa samaki hukadiria kwamba samaki wa maji ya joto akiwa kwenye nyuzi joto 25 huharibika mara 20 zaidi ya akiwa kwenye nyuzi 0. Kwa hesabu hiyo, saa 5 bila barafu zimekwishakula siku 4 za uhai wake wa barafuni. Barafu inayomwagwa mnadani huzuia hasara ijayo tu, iliyotangulia haifuti.

Akiwahiwa, kumbe samaki wetu ana bahati. Bakteria wengi anaotoka nao majini wamezoea joto, na baridi huwapumbaza. Wale wachache wanaostahimili baridi huchukua siku nyingi kuzaliana. Ndiyo maana sangara wa Ziwa Victoria aliyetunzwa vizuri barafuni hulika hata baada ya wiki 3, ilhali samaki wengi wa bahari za kaskazini huishia kwenye wiki 2 hivi. Lakini barafu hupoza kwa kuyeyuka, kwa hiyo kiasi chake si cha kukisia. Kushusha kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 28 hadi 0 huhitaji kilo 3 na kidogo, hiyo ni kwenye karatasi. Kwenye tenga lililo wazi jua nalo hudai fungu lake, na kilo kwa kilo si ubadhirifu. Tena ipondwe, itandazwe kati ya samaki na samaki, na maji yake yapate pa kutokea.

Wapo wasemao samaki wa barafu hana ladha. Wana haki kwa kiasi: vimeng'enya vya nyama yake huendelea kufanya kazi hata kwenye baridi, na utamu hufifia kabla bakteria hawajatia mkono. Huko ni kupungua kwa ladha, si sumu. Hoja ya kwamba moto wa kikaango humaliza yote ndiyo ya kuogopwa. Jodari na kibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini haiondolewi kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Mlaji huwashwa, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga, na pengine samaki mwenyewe hakuwa na harufu yoyote.

Gharama ni kikwazo cha kweli. Mvuvi anayetoka na barafu hulipia barafu yenyewe na nafasi inayochukua chomboni. Mnada ukipima kilo peke yake, hana cha kumrudishia fedha hiyo, isipokuwa wanunuzi waanze kuuliza barafu iliingia saa ngapi, na kulipa kulingana na jibu.