Askari Aliwaye Njiani

Miongoni mwa kanuni za sataranji, huenda hakuna inayozusha ubishi baina ya wanaoanza kujifunza kama ile ya askari kumla askari mwenziwe katika kupita, ambayo huitwa kwa jina la Kifaransa, en passant. Asiyeijua humwona mpinzani wake akitua kwenye mraba mtupu, kisha akiondoa kete iliyo kando yake, naye hudhani ameibiwa. Hajaibiwa, lakini kanuni hii haieleweki vema pasipo kujua asili yake.

Sataranji ilianza Bara Hindi yapata karne ya 6, ikapitia Uajemi na nchi za Waarabu kabla ya kufika Ulaya. Katika mchezo huo wa kale askari alikwenda mbele hatua moja tu, na kula kwa mshazari. Mwanzo wa mchezo ulikuwa wa polepole mno. Basi katika Zama za Kati wachezaji wa Ulaya wakamruhusu askari kupiga hatua mbili anapoondoka mahali pake kwa mara ya kwanza.

Haraka hiyo ilileta dhuluma. Tuseme mistari ya wima huitwa a hadi h, na safu za mlalo 1 hadi 8. Askari wa Mweupe amekwisha kufika e5, na askari wa Mweusi angali d7. Akienda hatua moja hadi d6, ataliwa. Akipiga hatua mbili, hufika d5, ubavuni mwa adui, akiwa ameuvuka mraba uliolindwa pasipo kudhurika. Kanuni ikaja kuziba mwanya huo: Mweupe aweza kumla kana kwamba aliishia d6. Askari wa e5 huenda d6, na yule wa d5 huondolewa ubaoni.

Haki hii ni ya askari peke yake. Farasi, ngome na hata malkia hawanayo. Nayo hudumu kwa zamu moja tu. Mweupe akicheza kete nyingine kwanza, haki imekwisha. Waitalia waliikataa kanuni hii kwa muda mrefu, wakimwachia askari apite salama, hadi walipokubaliana na wenzao mwaka 1880.

Kula huku ni hiari, isipokuwa pale ambapo mchezaji hana hatua nyingine halali. Hapo hana budi kula, wala hawezi kudai kwamba mchezo umekwama na kuwa sare.

Ipo hali moja inayowanasa hata wazoefu. Mfalme wa Mweupe yuko a5, askari wake e5, na ngome ya Mweusi h5. Kati yao hamna kete nyingine. Mweusi anasogeza askari wake toka d7 hadi d5. Je, Mweupe aweza kumla? La. Katika kula kwa kawaida kete moja tu huondoka katika safu ile. Hapa huondoka mbili kwa pamoja, d5 na e5, na ngome humwona mfalme moja kwa moja. Hatua inayomwacha mfalme wako hatarini ni haramu.

Kwa mwalimu wa hisabati lipo jambo jingine lenye manufaa. Kutazama ubao hakutoshi kuijua hali ya mchezo: bao mbili zaweza kufanana kete kwa kete, lakini katika moja askari ametoka kupiga hatua mbili sasa hivi na aweza kuliwa, na katika nyingine amekwisha kukaa pale zamani. Hizo ni hali mbili tofauti, hata katika kuhesabu iwapo hali imejirudia mara tatu ili mchezaji adai sare. Ndiyo maana programu za kompyuta zichezazo sataranji, zinapoandika mahali pa kila kete, huongeza alama ya mraba uliorukwa katika hatua ya mwisho.