Utalii mjini Quito

Quito (jina kamili: San Francisco de Quito) ni mji mkuu wa Ekuador katika Amerika Kusini. Uko kwenye bonde refu na jembamba la milima ya Andes, chini ya volkeno ya Pichincha, kwenye kimo cha mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Hivyo ni mmojawapo kati ya miji mikuu iliyo juu zaidi duniani. Mstari wa ikweta unapita kilomita chache upande wa kaskazini.

Watalii wengi hulala Quito usiku mmoja tu wakielekea visiwa vya Galápagos au msitu wa Amazon. Hata hivyo mji wenyewe una moja ya vitovu vya kale vilivyohifadhiwa vizuri kabisa katika Amerika ya Kilatini.

Kimo na hali ya hewa

Jambo la kwanza linalomkabili mgeni ni kimo. Hewa ya Quito ina oksijeni pungufu kuliko ile ya pwani, kwa hiyo mtu anayetoka sehemu za chini anaweza kuumwa kichwa, kuhema akipanda ngazi, kukosa usingizi au kuhisi kichefuchefu. Dalili hizo kwa kawaida hupungua baada ya siku moja au mbili. Inashauriwa kupumzika siku ya kwanza, kunywa maji mengi, kula chakula chepesi na kuacha pombe. Mtu ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya anapaswa kushuka sehemu ya chini na kumwona daktari.

Ingawa ikweta iko karibu, Quito si mji wa joto. Mchana halijoto hufikia sentigredi 20 hivi, na usiku hushuka hadi 10 au chini yake. Miezi ya Juni hadi Septemba huwa mikavu zaidi, na mvua hunyesha mara nyingi alasiri katika miezi mingine. Jua la milimani huunguza ngozi haraka hata kukiwa na mawingu. Sweta, koti la mvua na kofia vinahitajika mwaka mzima.

Mji wa kale

Wahispania walianzisha mji tarehe 6 Desemba 1534 mahali palipokuwa na mji wa Inka. Mwaka 1978 Quito na Kraków ya Polandi ilikuwa miji ya kwanza kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kitovu cha kale si makumbusho matupu: watu wanaishi humo, wanafunzi wanakwenda shule, na maduka ya vyombo na nguo yamo katika nyumba za zamani.

Ziara nyingi huanzia Plaza Grande, uwanja uliozungukwa na Ikulu ya Carondelet na kanisa kuu. Ndani ya kanisa hilo limo kaburi la Antonio José de Sucre, jenerali aliyewashinda Wahispania kwenye miteremko ya Pichincha tarehe 24 Mei 1822.

Karibu na hapo kuna kanisa la La Compañía. Wajesuiti walianza kulijenga mwaka 1605 na kazi ilimalizika mwaka 1765. Kuta na dari zake zimefunikwa kwa dhahabu iliyofuliwa nyembamba kama karatasi. Kanisa na monasteri ya San Francisco, vilivyoanzishwa katika karne ya 16, vinatazama uwanja mpana wa mawe.

Basilika la Voto Nacional ni jengo la baadaye. Juu ya kuta zake kuna sanamu za wanyama wa Ekuador, kama vile iguana na kobe, mahali ambapo makanisa ya Ulaya huweka mazimwi. Wageni wanaruhusiwa kupanda minara yake, lakini ngazi za mwisho ni kali.

Kwenye kilima cha El Panecillo kuna sanamu kubwa ya alumini ya Bikira Maria mwenye mabawa. Imeigwa kutoka sanamu ndogo ya mbao iliyochongwa na Bernardo de Legarda mwaka 1734.

Tangu mwaka 2005 magari ya kebo huwapandisha watu kwenye mteremko wa Pichincha hadi karibu mita 4,000. Ni vema kuyapanda asubuhi, kabla ya mawingu kuziba mandhari, na baada ya mwili kuzoea kimo cha mji.

Ikweta

Jina la Ekuador lina maana ya "ikweta" kwa Kihispania. Mwaka 1736 wataalamu kutoka Ufaransa, wakiwemo La Condamine na Bouguer, walifika kupima umbo la Dunia, na vipimo vyao vilisaidia kuthibitisha kwamba Dunia imetuna katikati. Mnara wa kumbukumbu wenye urefu wa mita 30 umejengwa mahali panapoitwa Mitad del Mundo. Hata hivyo vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba ikweta yenyewe inapita mita 240 hivi kaskazini mwa mnara.

Karibu na hapo waongozaji huwaonyesha wageni beseni la maji yanayozunguka kuelekea pande tofauti kaskazini na kusini mwa mstari. Onyesho hilohilo hufanywa Nanyuki nchini Kenya. Kwa kweli nguvu inayotokana na mzunguko wa Dunia ni dhaifu mno ndani ya beseni; mwelekeo wa maji hutegemea jinsi yalivyomiminwa.

Masoko na ununuzi

Soko la kazi za mikono la La Mariscal huuza mablanketi, sweta za sufu ya alpaka, vyombo vya udongo na mapambo ya tagua, mbegu ngumu nyeupe inayofanana na pembe ya ndovu. Kofia zinazoitwa "za Panama" asili yake ni Ekuador, na ufumaji wake uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2012. Chokoleti ya kakao ya nchini ni zawadi nyepesi kubeba.

Soko la Otavalo, mwendo wa saa mbili hivi kwa barabara, huwa kubwa zaidi siku ya Jumamosi. Wafumaji wengi wa huko huzungumza Kikichwa. Kupatana bei kwa upole ni kawaida sokoni, lakini si katika maduka makubwa.

Chakula

Locro ni supu nzito ya viazi, jibini na parachichi. Fritada ni nyama ya nguruwe ya kukaanga inayoliwa pamoja na mahindi ya kuchemsha. Kuelekea sikukuu ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba, watu hunywa colada morada, uji wa zambarau wenye matunda na viungo.

Usafiri, fedha na umeme

Uwanja wa ndege wa Mariscal Sucre ulifunguliwa mwaka 2013 nje ya mji, hivyo msafiri aache muda wa kutosha kwa safari ya barabarani. Metro ilianza kuchukua abiria Desemba 2023. Ina vituo 15 kutoka Quitumbe hadi El Labrador, kimoja kikiwa chini ya uwanja wa San Francisco.

Fedha ya nchi ni dola ya Marekani tangu mwaka 2000. Noti za dola 50 na 100 hukataliwa mara nyingi madukani kwa kukosa chenji. Umeme ni wa volti 120, na plagi ni za pini bapa kama za Marekani, kwa hiyo vifaa vingi vya Afrika Mashariki vinahitaji adapta, na vingine havitafanya kazi.

Usalama

Januari 2024 Rais Daniel Noboa alitangaza kwamba nchi iko katika mapambano ya silaha dhidi ya magenge ya wahalifu. Msafiri asome maonyo mapya kabla ya safari. Mjini, wezi wa mifukoni hupatikana kwenye mabasi na masokoni. Inashauriwa kwenda El Panecillo kwa teksi badala ya kupanda ngazi kwa miguu, na usiku kutumia teksi iliyoitwa na hoteli au kwa programu ya simu.